Bwana Kitoko na Bwana Arusi: Historia ya Kukodi Mpiga Picha Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Anayemkodi mpiga filamu kwa ajili ya sherehe hununua vitu viwili kwa pamoja: kazi ya siku moja, na kumbukumbu itakayobaki baada ya siku hiyo kupita. Kitu cha kwanza hupangiwa bei na hulipiwa. Cha pili aghalabu hakitajwi katika mapatano, nacho ndicho kinacholeta ugomvi baadaye. Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya mapatano hayo katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, hususan Uvira na majirani zake, tangu enzi ya mkoloni hadi leo. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: picha ya sherehe ikishapigwa, ni nani mwenye mamlaka ya kuipa jina, kuisemea na kuihifadhi?

Yafaa kukumbuka kwamba eneo hili liliingia katika maandishi ya Wazungu kabla ya kuingia katika picha zao. Burton na Speke walifika Uvira mwezi Aprili 1858 kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakiutafuta mto Rusizi, na hapo wakaambiwa na wenyeji kwamba mto huo unaingia ziwani, hautoki. Livingstone na Stanley walikwenda kulithibitisha jambo hilo kwa macho yao mwaka 1871. Wenyeji walisema, wageni wakaandika, na sifa ya ugunduzi ikaenda kwa walioandika. Kamera ilipokuja baadaye ilirithi mpango huohuo wa kazi: aonekanaye ni mmoja, asemaye ni mwingine.

Mfano ulio bayana kuliko yote ni ule wa mwaka 1955. Katika miezi ya Mei na Juni mwaka huo mfalme Baudouin wa Ubelgiji, kijana wa miaka ishirini na minne, alizuru Kongo na Ruanda-Urundi. Alipita Léopoldville, Élisabethville na Stanleyville, akaingia pia katika nchi za udhamini ambazo makao yake makuu yalikuwa Usumbura, mji unaotazamana na Uvira katika ncha ya ziwa. Kwa upande wa serikali ziara hiyo ilikuwa sherehe moja ndefu ya majuma kadhaa, na kama sherehe zote kubwa ilihitaji mpiga filamu. Kazi hiyo alikabidhiwa André Cauvin.

Cauvin hakuwa mgeni wa kazi wala wa nchi. Alizaliwa Brussels mwaka 1907, akasomea sheria, kisha akaiacha mahakama akaifuata kamera. Filamu zake za kwanza zilizompa jina zilihusu wachoraji wa kale wa Kiflandari. Kabla ya Vita vya Pili alikuwa amekwisha kupiga filamu Kongo. Vita vilipopamba moto serikali ya Ubelgiji iliyokuwa uhamishoni London ilimtuma tena huko ili aonyeshe mchango wa koloni katika vita. Mwaka 1948 akatoa L'Équateur aux cent visages. Kwa hiyo mwaka 1955 serikali ilimchagua fundi iliyemjua, ambaye naye alimjua mteja wake, na yamkini hakukuwa na haja ya kumweleza mengi juu ya kilichotakiwa. Zao la kazi hiyo lilikuwa filamu ya rangi iliyoitwa Bwana Kitoko, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chenye jina hilohilo, chenye picha na maelezo ya safari, kikiwa na jina la Cauvin mwenyewe. Mpiga filamu huyu, kama mafundi wengi wenye busara, aliondoka katika kazi moja ya kukodiwa na mazao mawili.

Jina la filamu linastahili kutazamwa kwa makini na mwanafunzi wa Kiswahili. Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni kwamba watu wa Léopoldville, walipomwona mfalme kijana, walimwita “mwana kitoko”, yaani kijana mzuri wa sura. Wakubwa wa serikali wakaona kwamba neno “mwana” halimfai mfalme, wakaweka “bwana” mahali pake. Hivyo jina lililotangazwa kuwa ni sauti ya umma lilikuwa limekwisha kusahihishwa ofisini.

Kisarufi jina hilo lina asili mbili. Katika Kilingala kitoko ni nomino yenye maana ya uzuri, nayo hufuata nomino nyingine bila kudai upatanisho wa ngeli. Kiswahili kingedai upatanisho: “bwana mzuri” katika usanifu, “bwana muzuri” katika kinywa cha mtu wa Uvira au Bukavu. Neno bwana lilitoka mashariki, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara tangu siku za misafara ya Ujiji, na baadaye lugha ya shule na ya kanisa. Neno kitoko lilitoka magharibi, penye lugha ya mto na ya jeshi. Mtu angeweza kusema kwamba jina liliunganisha pande mbili za koloni. Lakini halikuwa la upande wowote kwa ukamilifu, na hilo linadhihirisha kwamba lilitungwa ili lisikike na wote, pasipo kuwa la mtu yeyote.

Tena, mabadiliko ya herufi moja tu, kutoka mwana hadi bwana, yaligeuza uhusiano mzima. Mwana ni wa nyumbani. Ana wazazi, na anayemwita hivyo anajihesabu miongoni mwa wakubwa wake. (Katika Kiswahili cha kale cha Lamu neno hilo lilikuwa pia la heshima kwa wanawake, kama lionekanavyo katika jina la Mwana Kupona, afisa aliyeliona kuwa duni hakuwa na habari hiyo, wala asingeihitaji.) Bwana, kwa upande wake, katika Kongo ya siku zile lilikuwa neno la kumwitia Mzungu mwenye amri. Umati uliomwita mgeni kwa upendo wa mzee kwa kijana ulionyeshwa kwenye pazia ukimwita kwa unyenyekevu wa mtumishi kwa tajiri wake.

Filamu yenyewe ilitimiza ilichoagizwa. Inaonyesha misafara, ngoma, nderemo na watoto wa shule waliopangwa kando ya barabara, na juu ya yote hayo sauti ya msimulizi inayoeleza. Watu wanaonekana kwa maelfu. Wanaosema kwa maneno yao wenyewe ni vigumu kuwapata. Wakati huo ndipo serikali ilipokuwa ikiihubiri “jumuiya ya Wabelgiji na Wakongo”, na filamu ilitoa ushahidi wa macho kwamba jumuiya hiyo ipo. Kabla mwaka huohuo haujaisha, A. A. J. Van Bilsen alichapisha pendekezo lake la kuipa Afrika ya Kibelgiji uhuru baada ya miaka thelathini, nalo likapigiwa kelele Ubelgiji kuwa ni la haraka mno. Uhuru ulikuja baada ya miaka mitano. Si kosa la Cauvin kwamba hakuyaona yajayo. Mpiga picha wa sherehe halipwi kwa ajili hiyo. Lakini mwanahistoria aitumiaye filamu hii kama ushahidi wa hisia za watu mwaka 1955 anapaswa kukumbuka ni nani aliyeiagiza.

Sambamba na filamu za serikali kulikuwa na filamu za wamisionari. Kwa nchi za Kivu na Ruanda-Urundi kitovu chake kilikuwa Bukavu, ambako White Fathers waliendesha kituo cha Africa Films chini ya padre De Vloo. Nia yao ilikuwa nyingine: kuwapigia filamu Waafrika wawe watazamaji, tofauti na filamu nyingi za serikali zilizowapiga Waafrika ili watazamwe Ulaya. Katika maonyesho mengi ya kimisionari nchini Kongo msemaji alisimama kando ya pazia akaifafanua filamu kwa lugha ya waliohudhuria. Jambo hili halikuanzia Kongo. Katika Tanganyika, jaribio la sinema la miaka ya 1935 hadi 1937 lililokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, lilitumia sahani za gramafoni zilizorekodiwa maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine. Tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Sahani husema maneno yaleyale kila jioni. Msemaji aliye hai hutazama nyuso za watu, hurefusha, hukatiza, hutia mzaha. Katika maonyesho ya namna hiyo picha ilikuwa ya padre, lakini neno kwa muda wa saa moja lilikuwa la Mwafrika aliyelishika. Maneno hayo karibu yote yamepotea, kwa kuwa hakuna aliyekodiwa kuyanasa. Mikanda imebaki, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa Leuven katika kituo cha nyaraka cha KADOC.

Ziara nyingine ya mfalme yuleyule inaonyesha kinachotokea pale kamera isiyokodiwa inapofika mahali pa sherehe. Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, Baudouin alikuwa akipita Léopoldville katika gari la wazi wakati mtu mmoja, Ambroise Boimbo, alipomsogelea na kuuchomoa upanga wake. Mpiga picha Mjerumani Robert Lebeck alikuwapo, akapiga. Bwana Kitoko ilimaliza majuma kadhaa ikijenga sura ya mfalme. Picha hiyo moja ya gazeti ndiyo ambayo watu wengi duniani wanaikumbuka. Lebeck hakuwa na wajibu wowote kwa wenye sherehe, ndiyo sababu picha yake haina mfano miongoni mwa zile rasmi.

Uvira yenyewe haikupata Lebeck wake. Mwezi Mei 1964 mji uliangukia mikononi mwa waasi, na kwa miezi mingi bonde la Rusizi na milima ya Fizi vilikuwa uwanja wa vita. Tarehe 28 Novemba 1964 mapadre wa Kixaveri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, bruda Vittorio Faccin na padre Albert Joubert waliuawa, wawili Baraka na wawili Fizi. Hakuna kamera iliyokuwapo. Habari za siku hiyo zilibebwa na vinywa vya waliookoka na waliosimuliwa, na ushahidi wa namna hiyo ndio uliotegemewa miongo iliyofuata. Tarehe 18 Agosti 2024, kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wanne hao kuwa wenye heri katika ibada iliyofanyika Uvira. Sherehe ya ukubwa huo haifanyiki leo bila kamera, zile za kukodiwa na zile za simu mifukoni mwa waumini. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: tukio lenyewe la 1964 lina maneno matupu bila picha, na kumbukumbu yake ya 2024 ina picha nyingi kuliko maneno. Mtafiti wa karne ijayo asipokuwa mwangalifu atawajua zaidi waliokusanyika kuliko waliouawa.

Kutoka kwa wafalme na makardinali twende kwa bwana arusi, ambaye ndiye mteja mkuu wa wapiga picha wa siku hizi. Inapendeza kwamba Kiswahili kimempa cheo kilekile alichopewa mfalme, walau kwa siku moja. Mfumo wa kaseti za VHS ulitoka Japani mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 kamera za kubebwa begani ziliifanya filamu kuwa jambo la familia. Mageuzi hayo yalikuwa makubwa katika Afrika ya Mashariki kuliko Ulaya. Katika Tanzania bara, kwa mfano, televisheni haikuanza hadi mwaka 1994. Familia iliyokuwa na deki ya video iliweza kujiona yenyewe kwenye kioo kabla ya kumwona msoma habari wa nchi yake. Kwa mji kama Uvira, wenye barabara fupi ya kupitia Kavimvira na Gatumba hadi Bujumbura, fundi, kanda na betri havikuwa mbali, mpaka ukiwa wazi. Mpaka ulipofungwa au vita vilipoingia, kama ilivyokuwa Oktoba 1996, ndoa ziliendelea kufungwa, lakini si zote zilizopata mpiga picha.

Mapatano ya kazi hiyo yana desturi zake. Kwa kawaida hufanywa kwa mdomo, mbele ya mtu mmoja au wawili wa kamati ya arusi. Hutolewa fedha ya kutangulia, ambayo watu wa pwani huiita arubuni na Wakongo, kwa kufuata Kifaransa, avansi. Salio hulipwa kazi ikikabidhiwa. Hukubaliwa ni sehemu zipi zipigwe: kutoa mahari, ofisi ya serikali, kanisani, ukumbini. Hukubaliwa pia nani alete jenereta, kwa kuwa umeme wa mabwawa ya Rusizi hauna ahadi. Kisichosemwa ni mambo matatu. Mkanda wa asili, ule ambao haujakatwa wala kuunganishwa, utabaki kwa nani? Fundi anaruhusiwa kuwaonyesha wateja wengine ili kujitangaza? Na je, shangazi aliyelia, au mjomba aliyelewa, ana haki ya kusema aondolewe?

Sheria ipo. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi nchini, zikiwamo za kazi za sinema na za picha. Inafuata mapokeo ya Ubelgiji na Ufaransa, ambayo huitambua haki ya mtunzi juu ya jina na heshima ya kazi yake hata baada ya kuiuza. Kwa mujibu wa mapokeo hayo, mpiga video wa arusi anaweza kuwa mtunzi kama Cauvin. Kwa mujibu wa fikra za familia, yeye ni fundi aliyelipwa, sawa na mpishi, na hakuna mpishi anayerudi baadaye kudai pilau yake. Fikra hizi mbili hukutana siku mkanda unapohitajika tena, kwa mfano mmoja wa maarusi anapofariki na ndugu wanapotaka nakala ya sura na sauti yake. Hapo ndipo hugundulika kwamba fundi alirekodi arusi nyingine juu ya kanda ileile, kwa sababu kanda ilikuwa ghali na hakuna aliyemwambia aitunze. Huwezi kumlaumu sana. Alilipwa kazi ya siku moja, akaifanya.

Tatizo hili haliwahusu maskini peke yao. Mwaka 1974 Leon Gast alikodiwa kupiga filamu ya tamasha la muziki lililoandamana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa. Pambano lilifanyika tarehe 30 Oktoba. Filamu, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996. Miaka ishirini na miwili ilipita katika mashauri ya fedha na umiliki wa kanda. Sherehe ile iligharimu mamilioni ya dola, na bado swali la nani mwenye picha liliachwa bila jibu timamu, kama katika arusi yoyote ya Kalundu au Mulongwe.

Kuna pia adui asiye na wakili. Kanda ya sumaku hudhoofika kwa joto na unyevu, na hali ya hewa ya ziwani ina vyote viwili. Kanda nyingi za VHS za miaka ya 1980 na 1990 sasa ziko ukingoni mwa maisha yake, na deki za kuzisomea zimekuwa adimu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa iliifurisha mito inayoshuka kutoka milimani, Mulongwe ukiwa mmojawapo, na mji wa Uvira ukapoteza watu kadhaa na maelfu ya nyumba. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda na kuzifikia nyumba zilizokuwa salama ufukweni. Aliyeokoa watoto na godoro hakulaumiwa kwa kuacha sanduku la kaseti. Lakini ndani ya masanduku hayo kulikuwa na hotuba za wazee za kutoa mahari, matani ya mawifi na nyimbo za kumsindikiza bibi arusi: Kiswahili cha Uvira kikisemwa na wenyewe kwa wenyewe, bila mtafiti chumbani. Idara za isimu hutumia fedha nyingi kutafuta data ya namna hiyo. Hapa ililipiwa na baba wa bwana arusi.

Kwa hiyo pana kazi ambayo vyuo vya Uvira, Bukavu na Bujumbura vinaweza kuianza bila kusubiri msaada mkubwa: kuorodhesha wapiga picha wa zamani walio hai, kuwauliza wana kanda gani na kwa mapatano gani, na kunakili zilizobaki kwa idhini ya familia, kila nakala ikiwa na jina la fundi, la aliyemlipa na tarehe ya sherehe. Swali la idhini ni gumu na lisirukwe, kwa maana watu waliokubali kuonekana na wageni wao wa arusi hawakukubali kuonekana na dunia nzima.

Filamu za Cauvin zilitolewa upya Brussels mwaka 2010 na hazina ya filamu ya taifa, Cinematek, katika mkusanyiko mmoja na za Gérard De Boe na Ernest Genval. Zimesafishwa, zina maelezo, na mtu yeyote anaweza kuzinunua. Umati wa mwaka 1955 bado umo humo, ukipunga mikono, na jina la filamu bado ni lile lililosahihishwa.